Alama ya Pili

Nyumbani walimwita Mkaguzi tangu utotoni, kwa sababu hakuwahi kunywa maziwa kabla ya kuyanusa, hata yakiwa yamemiminwa na mama yake mbele ya macho yake. Jina likamganda. Alipokua akawa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja, na baada ya saa za kazi akawa na kazi nyingine isiyo na mshahara, ambayo mama yake alishindwa kabisa kuieleza kwa majirani. Mama alisema tu kwamba binti yake anafunga vifurushi, na majirani wakadhani ni mambo ya posta.

Hawakuwa mbali sana na ukweli. Upo mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure, na programu zake ni huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kumpa mwenzake. Lakini maandishi ya programu hayaliwi mabichi. Lazima apatikane mtu wa kuyapika yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukimeza, akifunge, akitie saini, kisha akiweke ghalani ambako mashine za watu huja kujichukulia zenyewe. Toleo jipya likitoka, kazi inaanza upya. Mkaguzi alikuwa na vifurushi kadhaa mikononi mwake, na alichokipenda kuliko vyote kilikuwa programu ya kupokea picha za eksirei, iliyotumiwa na zahanati ndogo ndogo zisizo na ubavu wa kununua programu za wakubwa.

Kundi lao lilikuwa na desturi moja iliyompendeza mtu wa tabia yake. Kila kifurushi kilipikwa mara mbili, na watu wawili, kwenye mashine mbili, katika nyumba mbili. Viungo vikiwa vilevile, matokeo yalipaswa kulingana mpaka chembe ya mwisho. Kompyuta iliyakamua matokeo hayo ikatoa alama, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na chembe moja ikibadilika, mstari mzima ulibadilika. Mpishi wa kwanza alibandika alama yake kwenye ukurasa wa kundi, na wa pili akabandika yake chini. Zikifanana, kifurushi kilikwenda ghalani. Zisipofanana, basi mashine ya mmoja wao imeingiliwa, au mwenyewe ndiye amenunuliwa.

Mpishi wa pili wa Mkaguzi alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyemleta kundini na kumsimamia dhamana, wakati huo wakiwa bado wanapatana. Alama zao hazikuwahi kutofautiana hata herufi moja, mpaka wakawa wanatolewa mfano kwa wageni.

Jumamosi moja asubuhi zikatofautiana.

Mkaguzi alizitazama mara ya kwanza akadhani macho yamemdanganya, akaenda kunawa uso. Aliporudi zilikuwa vilevile, mbili tofauti kabisa, moja juu ya nyingine. Mama yake, aliyekuwa anachambua mchele upande wa pili wa meza, akamuuliza nani amekufa. Mkaguzi akamjibu kwamba hajafa mtu, bado.

Alimwandikia Shemeji apike tena. Jibu halikuja mpaka jua lilipokuwa la utosi, na lilipokuja lilikuwa na alama ileile ya mwanzo, isiyofanana na yake. Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Kilichomsumbua zaidi ya tofauti yenyewe kilikuwa kule kuchelewa. Zamani Shemeji alikuwa mwepesi. Mkaguzi akibandika alama yake, hata chai haijapoa, ya Shemeji imeshafika. Sasa anachukua nusu siku. Mtu anayepika chakula kilekile, jikoni mwake mwenyewe, anachelewa kwa nini, kama si kwamba kuna kitu anakitia?

Tuseme ukweli, hakuhitaji kusukumwa sana. Shemeji alikuwa amekaa bila kazi muda mrefu, akishinda nyumbani na mapacha, halafu ghafla kampuni moja ya ulinzi wa kompyuta ikamwita, ikamsifu kwa jinsi alama zake zisivyowahi kukosea, ikamwahidi kazi kuanzia mwezi unaofuata. Si hivyo tu, ikamkabidhi na kompyuta mpya ya maana. Mdogo wake Mkaguzi alikuwa ameisimulia kompyuta hiyo kwa ukoo mzima. Mkaguzi aliposikia, alipongeza kama wengine, lakini moyoni akajiuliza ni nani humpa mtu mashine kama ile kabla hajafanya kazi hata siku moja, asitake chochote. Mtu anayetaka kuingia kwenye kompyuta za zahanati kibao kwa mpigo mmoja hahitaji kuvunja milango yote hiyo. Anamtafuta mpishi.

Toleo kubwa la mfumo lilikuwa linafungwa Jumatatu. Kifurushi kisichokuwa na alama mbili zinazofanana kingeachwa nje, na zahanati zingebaki na programu ya zamani. Mkaguzi alimpigia simu Mratibu wa kundi, mwanamke mtaratibu ambaye hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. Mratibu alimwambia uamuzi ni wake: yeye ndiye mpishi wa kwanza, na akisema mpishi wake wa pili azuiwe kutia saini, atazuiwa saa ileile. Ila akamwomba awe na hakika, kwa sababu jina likishatolewa kwenye ukurasa ule kwa shaka, halirudi likiwa safi. Mkaguzi alijua maana yake. Kampuni ile nayo ilikuwa inasoma ukurasa uleule.

Basi alasiri akafunga safari kwenda kwa mdogo wake, na nguo za mapacha zikawa kisingizio.

Alimkuta mdogo wake amefurahi kama mtu aliyetoka hospitali salama. Alikuwa anapanga wakianza kupata mshahara wataanza na nini, pazia au friji, na kila alichotaja alimwomba dada yake maoni. Mkaguzi alijibu pazia, akajibu friji, macho yake yakiwa kwenye mlango wa chumba cha ndani. Shemeji alitoka, akamsalimia vizuri, lakini nyuma yake akauvuta mlango, akaufunga. Simu yake ilipolia aliangalia jina, akatoka nje kwenda kuongelea chini ya kamba ya nguo, huku anazungukazunguka kama anatafuta kitu kilichoanguka.

Aliporudi, Mkaguzi akamwambia kwa upole kwamba angependa kuiona hiyo mashine mpya inavyopika. Akaongeza kwamba labda wakae pamoja wapike tena, maana Jumatatu si mbali. Shemeji akasema leo haiwezekani. Akaulizwa kwa nini. Akasema inapakua kitu. Akaulizwa kitu gani. Akamtazama mkewe, kisha akatazama sakafu, akasema watazungumza kesho.

Mdogo mtu hakuwa mjinga. Alimsindikiza dada yake mpaka barabarani, na walipofika akasimama.

"Umekuja kuleta nguo au umekuja kunusa?"

Mkaguzi akasema kuna tatizo la kazi, dogo tu.

"Dada, huyu mtu amekaa chini miaka. Sasa ndiyo kwanza ananyanyuka. Ukimwangusha wewe, mimi sitakuwa na dada."

Alisema bila hasira, na hicho ndicho kilichomuuma Mkaguzi. Alirudi nyumbani amevimba moyo, akijihurumia na kujiona shujaa kwa wakati mmoja, hali ambayo haijawahi kumsaidia mtu yeyote kufikiri vizuri.

Jumapili baada ya kifungua kinywa alivifungua vifurushi vyote viwili, chake na cha Shemeji, akavilaza kimoja kando ya kingine. Karibu kila kitu kililingana. Tofauti ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kipande kinachofungua picha. Kipande cha Shemeji kilikuwa kirefu kidogo kuliko chake. Kulikuwa na kitu ndani ambacho kwake hakikuwepo. Na mahali penyewe palikuwa palepale ambapo mwizi angepachagua, kwa sababu picha ndizo zinazotoka nje na kuingia. Mkaguzi aliinuka, akakaa, akainuka tena. Hakutaka tena kujua kilichoongezwa kilikuwa nini. Kuongezwa tu kulimtosha.

Akaandika kwenye ukurasa wa kundi, wote wasome: mpishi wangu wa pili simwamini tena, kifurushi chake kimeongezewa kitu, naomba azuiwe kutia saini. Akabonyeza. Sehemu fulani ndani yake, tusifiche, ilikuwa inafurahi kwamba haikukosea.

Alasiri ile Shemeji akagonga mlango, kompyuta mpya ikiwa kwapani imefungwa kwa kitenge cha mkewe. Mama alimkaribisha, akaona sura za watu hao wawili, akakumbuka ghafla kwamba ana jambo kwa jirani.

"Nimesoma ulichoandika," Shemeji akasema.

"Nimekiandika kisomwe."

Shemeji aliifungua kompyuta, akaisukuma upande wake. Akamwambia aikague mpaka achoke. Akasema amepika mara tatu, kila mara kwenye chumba kisafi, kama kanuni inavyotaka, na kila mara alama inatoka ileile. Chumba kisafi ni nafasi tupu inayotengwa ndani ya mashine, isiyoingia kitu chako chochote, kila kiungo kinaletwa kipya kutoka ghalani. Ni kazi ndefu. Ndiyo maana alichelewa.

"Mbona zamani hukuchelewa?" Mkaguzi akauliza. Alikuwa amengoja kuuliza swali hilo tangu jana.

Shemeji akautazama mkono wake mwenyewe.

"Zamani nilikuwa sipiki, dada."

Ikabidi aseme yote. Mapacha walipoanza kutembea, mmoja wao aliimwagia kompyuta yake ya zamani kikombe cha maziwa, ikafa palepale. Hela ya nyingine haikuwepo. Aliona aibu kumwambia Mkaguzi aliyemdhamini, akajipa wiki moja, wiki ikazaa nyingine. Kwa simu tu mtu aliweza kuufungua ukurasa wa kundi. Akawa anasubiri Mkaguzi abandike alama yake, anainakili, anaibandika chini kama yake, anatia saini. Kifurushi baada ya kifurushi. Jana hakutaka kuyasema haya mbele ya mkewe, maana hata mkewe hajui.

"Nilijua hukosei," akasema. "Mtu anayenusa hata maziwa ya mama yake, atakosea nini?"

Mkaguzi alimwangalia kwa hasira. Miaka yote ile ya kusifiwa, kutolewa mfano! Alifungua mdomo amwambie maneno ambayo hayarudishwi nyuma, lakini wazo jingine lilikuwa limeingia bila hodi. Kama Shemeji alikuwa ananakili, basi muda wote huo hakuna aliyempima yeye. Alama yake ilikuwa imelinganishwa na kivuli chake mwenyewe. Na siku mtu alipopika kweli kwa mara ya kwanza tangu hapo, ndiyo siku zilipotofautiana.

"Twende chuoni," akasema.

Alikuwa na ufunguo wa maabara. Walikuta korido imenyamaza, viti vimepinduliwa juu ya meza, harufu ya sabuni ya sakafu. Wakachukua mashine moja ya wanafunzi, wakaifuta yote, wakausimika mfumo upya, wakapika kifurushi kwenye chumba kisafi. Walikaa wakisubiri kwenye meza mbili zilizotengana, hakuna aliyetaka kukaa karibu na mwenzake. Mkaguzi alikuwa ameiandika alama yake na ya Shemeji ubaoni kwa chaki, na akajikuta anaomba, bila aibu, kwamba shemeji yake awe mwizi.

Alama ikatoka. Mkaguzi aliisoma herufi kwa herufi akiifuatisha ubaoni kwa kidole. Ilikuwa ya Shemeji, mpaka mwisho.

Sasa hapakuwa na pa kutazama isipokuwa mezani kwake mwenyewe. Walirudi nyumbani, akaifungua mashine yake, na haikumchukua muda kuona. Zamani, ila baada ya maziwa yale kumwagika, wakati kile kipande cha kufungua picha kilipokuwa kinamletea ukorofi, alikirekebisha kwa mkono wake, akakipigia msumari, yaani akaiamuru mashine isikiguse kamwe kila inapojisasisha. Alikusudia iwe kwa siku mbili tatu. Na kwa kuwa mashine yake ilikuwa nzito, aliacha kutumia chumba kisafi, akawa anaiambia ichukue viungo vilivyomo humohumo. Yeye, aliyekuwa anawafokea wageni kwa kuruka kanuni hiyohiyo. Basi kila kifurushi alichopika kiliondoka na kipande kile cha zamani tumboni. Mwaka jana dunia nzima ilipewa habari kwamba kipande hicho kina tundu: mtu akitengeneza picha kwa hila, ikifunguliwa tu, anaingia ndani ya mashine. Kila mtu akaletewa kiraka. Mkaguzi mwenyewe aliisoma habari ile, akaidhinisha kiraka, akalala usingizi. Kile kilichozidi kwa Shemeji kilikuwa kiraka.

Zahanati zote zilizomwamini zilikuwa na tundu, na aliyelitoboa alikuwa yeye.

Shemeji ndiye aliyesema kwanza. Akasema, kwa sauti ya chini ingawa walikuwa wawili tu, kwamba jambo hili lina njia. Ang'oe msumari. Apike upya. Alama zitafanana kabla ya Jumatatu. Aandike kwamba alimshuku bure, mashine ilikuwa na hitilafu ndogo, yaishe. Kiraka kitawafikia watu pamoja na toleo jipya, na yeye ataanza kazi yake.

Lilikuwa wazo zuri. Mkaguzi alilipindua huku na huku akitafuta ubovu wake, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani asiuone. Akauona. Zahanati hazisasishi mashine zao kwa sababu kuna toleo jipya. Nyingine hukaa mwaka mzima, mpaka aje mtu wa kuzishika mkono. Zinasasisha zikiambiwa kwamba kuna hatari. Na hazitaambiwa kuna hatari bila kuambiwa imetoka wapi.

"Na wewe umekuwa wa pili kwa wangapi?" akamuuliza.

Shemeji akahesabu kwa vidole. Akasema kuna wapishi wengine wanne, wa mbali, aliowatilia saini kwa namna hiyohiyo.

Basi Mkaguzi akavuta kiti akaandika. Akaandika kwamba vifurushi vyake vya muda wote huo vina tundu, akataja kipande, akaeleza msumari na chumba kisafi alichokiruka. Akawataka wote wenye zahanati wasasishe leo, kwa kifurushi kilichopikwa maabara, wasingoje kesho. Akaomba saini yake izuiwe. Akaandika kwamba maneno aliyoyaandika asubuhi juu ya shemeji yake kuongeza kitu hayakuwa ya kweli. Yote hayo yalitoka upesi kuliko alivyodhani, kama kutapika. Kisha akafika kwenye swali ambalo kila msomaji angeliuliza, kwamba ilikuwaje mpishi wa pili asigundue, na vidole vikasimama.

Aliinuka, akakiacha kiti wazi.

"Hapa si pangu kuandika," akasema. "Ukitaka nipeleke hivyo hivyo, nitapeleka. Sitakuuliza tena."

Shemeji alisimama nyuma ya kiti. Simu yake ikalia mezani, jina la mkewe likawaka, ikalia mpaka ikachoka, ikaanza tena. Hakuigusa. Akakaa. Aliandika polepole kwa vidole viwili, mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa ameandika kwa simu tu, na Mkaguzi alitazama dirishani ili asisome. Kilipobonyezwa kitufe cha kupeleka, alijua kwa mlio wake tu. Kisha Shemeji akaichukua simu, akasema, "Mama Pacha, keti chini kwanza," akatoka nayo nje.

Jibu la Mratibu lilikuja kabla hajarudi. Aliwashukuru wote wawili, akamzuia Mkaguzi kutia saini kama alivyokwisha kumzuia Shemeji asubuhi, akatoa tahadhari kwa zahanati. Mwisho akaandika kwamba, kwa yaliyotokea, anaomba kila mpishi wa pili katika kundi zima apike upya vifurushi vyake, kwenye chumba kisafi, na abandike alama leo.

Kundi lile lilikuwa la watu wenye maneno. Kosa la koma moja lingeweza kuwapa ubishi wa wiki nzima. Mkaguzi alikaa mbele ya ukurasa, akisubiri matusi ambayo alijua anastahili. Ukurasa ulionyesha watu wengi wamesoma. Hakuna aliyeandika kitu.

Nje alisikia sauti ya Shemeji ikieleza, ikinyamaza, ikieleza tena, na kwenye simu sauti ya mdogo wake, ambayo haikuwa inafoka, ilikuwa inalia. Mama alikuwa amerudi, amesimama kizingitini na kikombe mkononi, hajui ampe nani.

Ndipo ukaja ujumbe wa faragha, kutoka kwa mpishi mmoja mkongwe, mkali kuliko wote, ambaye hakuwahi kumsamehe mgeni kosa lolote. Alimsalimia kwa adabu isiyo ya kawaida yake. Akauliza kama Mkaguzi angeweza kumwombea kwa Mratibu siku chache tu kabla ya kubandika alama zake, maana mashine yake kwa sasa haipatikani. Kabla hajamaliza kuusoma, ukaingia mwingine, wa mtu mwingine, nao ulianza kwa salamu.